Maji Chini ya Samli

Siku ya nne baada ya kukabidhi nyama ya harusi ya Nasteha, niliinua chupa yangu ya jemu nikaielekeza dirishani, nikaona maji. Juu kulikuwa na samli, ya manjano, safi, ya kutamanisha. Katikati vipande vya nyama vimetulia. Chini kabisa, unene wa ukucha, palikuwa na kitu cha kahawia kilichocheza nilipoinamisha chupa. Samli haichezi namna hiyo. Niliirudisha chupa mezani nikakaa kitandani, na mwili wangu ukaingia baridi ingawa jua la Kiwanjani, mtaa wetu hapa Isiolo, lilikuwa linakaanga mabati.

Asiyejua kazi yetu atasema maji ni maji tu, kwa hiyo nieleze. Mimi ni Saadia, wengi huniita Mama Noor, na napika nyirinyiri. Sipiki pilau wala mbuzi, hizo zina wenyewe. Nyirinyiri ni nyama ya ngamia iliyoanikwa kwenye kamba, ikakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, ikapikwa ndani ya mafuta mpaka lisibaki tone la maji, kisha ikazamishwa kwenye samli yenye iliki na kitunguu saumu. Ikipikwa sawasawa hukaa miezi bila friji. Babu zetu waliokuja huku na bunduki za Mwingereza walitembea nayo mkobani, na sisi wajukuu tumebaki nayo kwa ajili ya harusi.

Maana kwetu bibi harusi hatoki kwao hivi hivi. Hutengenezewa chombo. Nyirinyiri huwekwa ndani, juu yake hufunikwa kwa tende zilizopondwa, kisha chombo huvishwa nguo na shanga na kuzungushiwa kamba, fundo juu ya fundo, na mwisho wa kamba hufichwa. Siku ya saba baada ya harusi wanaume wa upande wa bwana huketi chini kukifungua bila kisu, na wanawake wetu huwacheka na kuwatoza faini kila wakikosea. Kikifunguka, kila mtu hula, tangu wazee hadi watoto. Chombo ni bibi harusi mwenyewe, ndivyo tunavyohesabu. Nyama ikiwa mbaya hakuna atakayesema neno pale, lakini msichana atasikia habari yake mpaka awe na wajukuu.

Na nyama hiyo yote inasimama juu ya neno moja, kutokota. Najua wengine hulitumia kwa sufuria yoyote inayofoka. Jirani yangu Kajuju, Mmeru anayeuza githeri karibu na soko, huwasha moto wa kuunguza nyusi akasema mahindi yake yanatokota. Tumebishana sana juu ya hilo. Kwake maji ndiyo kazi, bila maji mahindi hayaivi. Kwangu maji ni adui. Kutokota nilikofunzwa na Eedo Asho, dada ya marehemu baba yangu, ni makaa matatu manne na subira ya mchana mzima. Hakuna kukoroga ovyo, hakuna kufunika, hakuna kuongeza moto kwa sababu umechoka.

Na ni kazi ya sikio. Kwanza nyama hutoa maji yake, na sufuria huongea kwa sauti nene. Baada ya muda sauti hukonda. Halafu inakuwa ya kuchakarika kidogo, kama mtu anayetembea mbali kwenye majani makavu. Mwisho hunyamaza. Ikinyamaza, hesabu mpaka mia, ndipo uepue. Macho yanadanganywa na mafuta, Eedo aliniambia, na pua inadanganywa na iliki. Shahidi ni sikio peke yake.

Na mimi masikio yangu yamekufa. Nasema hivyo sasa bila aibu, lakini miaka mitatu sikuwahi kulitamka neno hilo hata nikiwa peke yangu. Yalianza kwa adhana ya alasiri kunipita. Kisha watu wakaanza kusema Saadia ameota kiburi, hasalimiwi akaitika. Niliwaacha waseme. Heri kuitwa mwenye kiburi kuliko kuitwa kiziwi, kwa mpishi wa nyirinyiri. Sikio la kushoto limefungwa kabisa. La kulia linashika mtu akiongea karibu, au honi ya lori. Sauti ya sufuria iliyokonda hailifikii.

Nilijitafutia njia. Nikagundua kwamba nikishika mwiko na kuuzamisha hadi chini ya sufuria, mtetemo wa maji unapanda hadi kiganjani. Maji yakiisha, mwiko unatulia. Nilipika harusi tano hivyo. Tano, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Nilijisifu moyoni, nikasema Mungu akifunga dirisha hufungua mlango, na sikumwambia mtu.

Harusi ya Nasteha ilikuwa ya sita. Nasteha ni mtoto wa binamu yangu, nimembeba mgongoni. Wiki ile mwiko wangu wa zamani ulipasuka, nikanunua mwingine sokoni, mnene, mti mzito. Nilipika Alhamisi nyumbani kwao huku vijana wakisimamisha hema na upepo ukirusha vumbi. Mwiko ulitulia mapema. Nilishangaa kidogo, nikajiambia ngamia huyu alikuwa amekonda. Nikahesabu hadi mia, nikaepua, nikaichanganya na samli, nikachota fungu langu la mpishi nikalitia kwenye chupa ya jemu. Sufuria nikaipeleka kwa Eedo Asho, maana ni yeye hujaza na kufunga vyombo vyote vya ukoo. Mwiko mzito hautetemeki hata maji yakiwepo. Hilo nililijua Jumatatu, nikiwa nimekaa kitandani na chupa mbele yangu.

Nilikuwa na miaka kumi nilipoona maji hayo yanafanya nini. Ilikuwa mtaa wa Chechelesi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwenye nyumba alirudi safari ya ngamia akala nyirinyiri aliyopikiwa kwa haraka. Haikuwa na harufu, haikuwa na ladha mbaya, aliisifu. Kesho yake kope zake zilianza kuanguka. Alikuwa macho, anatuona, lakini kope zilishuka hata akawa anaziinua kwa vidole. Kisha ulimi ukawa mzito. Kisha maji ya kunywa yakawa yanamtoka puani. Hakuwa na homa wala hakulia, alikuwa anatutazama kupitia mwanya mdogo wa macho. Siku ya nne alizikwa. Eedo alinishika bega pale msibani akaniambia, umeona, hayo ni maji.

Sasa chombo cha Nasteha kilikuwa kimefungwa, kimevishwa, kimesimama kwenye nyumba ya mumewe Yahye, na kingefunguliwa Jumamosi alasiri mbele ya watu sitini.

Jumanne nilijidanganya. Nikasema labda chupa ilikuwa na maji nilipoiosha. Nilijua niliikausha, nina tabia ya kuanika chupa juani hadi ziunguze vidole, lakini mtu mwenye hofu anaweza kubishana hata na mikono yake mwenyewe. Nikasema chupa yangu nilichota chini ya sufuria, chombo kimechotwa juu. Usiku sikulala.

Jumatano asubuhi Kajuju alikuja kuomba chumvi, akanikuta nimesimama mbele ya meza. Kifuniko cha chupa kilikuwa kimevimba katikati. Nilikishika nikakizungusha kidogo tu, na hewa yenye unyevu ikanipiga vidoleni. Mimi sikusikia kitu. Kajuju ndiye aliyeruka nyuma.

Akaniuliza nini hiyo imelia hivyo. Nikamwambia haijalia. Akanitazama usoni, kisha akaja upande wangu wa kulia, karibu, kama mtu aliyekuwa amejua muda mrefu pa kusimama.

"Mama Noor, hiyo kitu imelia kama soda," akasema. "Hata wewe hukuskia?"

Nilimwambia aende na chumvi yake. Hakwenda. Akanitoa habari yote kidogo kidogo, chupa, mwiko, masikio, Jumamosi. Nilipomaliza alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Akasema niende nikawaambie leo hii, kabla ya saa sita. Nikamwuliza kama anajua maana ya kumwambia bibi harusi chombo chake kina sumu. Akasema hajui, lakini maana ya mazishi anaijua. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika, na yeye akaenda polepole, bila chumvi. Mchana nilichimba shimo nyuma ya choo nikazika chupa nzima, nikaweka mawe juu ili paka wasifukue.

Nisijifanye mwema. Hofu yangu ilikuwa ya aina mbili, na sikuweza kuzitenganisha. Nilipofumba macho niliona kope za Nasteha zinashuka. Nilipoyafumbua niliona wanawake wa Isiolo wakisema kumbe Saadia ni kiziwi, kumbe siku zote tulikuwa tunakula bahati. Mume wangu alikufa nikiwa na miaka thelathini na nne. Sina duka, sina lori, sina cheti. Nina jina tu. Mtu akisema mkono wa Saadia, mji mzima unajua anasema nini. Nilitafuta njia ya kuwaokoa watu na kubaki na jina, na akili yangu ikazunguka hapo.

Njia niliyoiona ni kukimwaga. Jumamosi chombo kikifunguliwa nitakuwa karibu, mpishi hukaa karibu, nitajikwaa, kitapinduka kwenye vumbi. Watasema mama mzee huyo, miguu yake. Lakini chombo kikimwagika kabla ya watu kula, wazee wetu husema ndoa imemwagika. Ningemnunulia msichana usalama kwa mkosi, naye asingejua kwa nini.

Alhamisi niliamua kumwendea Eedo Asho. Ana miaka themanini na kitu na ndiye aliyenipa kazi hii. Nikasema huyu nitamwambia, yeye atajua la kufanya. Nilimkuta kitandani, kichwa kimefungwa leso, binti zake wawili wamekaa chini na wageni wengine wanne watano wakinywa chai. Presha ilikuwa imempanda Alhamisi iliyopita jioni, saa chache baada ya mimi kumpelekea sufuria, akalazwa hospitali hadi Jumapili. Binti zake ndio waliomalizia chombo.

Nilikaa kitandani kwake upande ambao sikio langu la kulia lingekuwa karibu na mdomo wake. Tukaulizana hali kwa kirefu, yeye akashukuru Mungu, mimi nikashukuru Mungu. Wageni hawakutoka. Kisha Eedo akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto na vikavu. Akanivuta chini.

"Saadia," akasema, "ile nyama ya mtoto. Ilitokota mpaka ikanyamaza?"

Alinitazama sana. Na hapa ndipo mtu ananyoshewa kamba akiwa kisimani. Nilimtazama, nikawatazama wale wanawake na vikombe vyao, wote wameacha kunywa, au niliona hivyo kwa hofu.

"Ilinyamaza, Eedo," nikasema.

Aliendelea kunishika mkono kwa muda. Kisha akauachia, akasema alhamdulillah, akageukia ukuta. Nilitoka. Nilikuwa nimekwenda kusema kweli nikamwongezea uongo mgonjwa.

Ijumaa sikula. Nilipikia jirani chai nikasahau majani. Nilisali, nikaomba Mungu anyeshe mvua kubwa, barabara zikatike, sherehe iahirishwe. Mwezi wa tisa, Isiolo, mvua. Hata mimi nilijicheka, na kicheko kiliishia njiani.

Jumamosi baada ya alasiri nilikuwa pale. Nilivaa dirac yangu ya rangi ya zabibu na kukaa mahali pa mpishi, hatua mbili kutoka kwa chombo. Kilikuwa kizuri. Kimevishwa kitambaa chekundu, shanga, kamba za ngozi zimesukwa, kimesimama kwenye mkeka kama msichana mnene. Nasteha alikaa kati ya shangazi zake, hina mpaka viwiko, anajaribu kutotabasamu. Eedo Asho alikuwa ameletwa na kukalishwa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili, tasbihi mkononi. Hakunitazama.

Dualeh, ami yake Yahye, mzee aliyeendesha malori barabara ya Moyale kabla haijawa lami, ndiye aliyesimamia. Vijana wakaanza kutafuta fundo. Mmoja alivuta kamba isiyo yake, wanawake wetu wakamchapa begani kwa fimbo ndogo, watu wakacheka. Niliona midomo ikicheka. Kwangu palikuwa kimya kama chini ya maji. Kila walipokosea nilipumua. Nilikuwa namwomba aliyefunga fundo hilo awe amelifunga vizuri, liwashinde mpaka magharibi, mpaka kesho, mpaka tufe wote kwa uzee.

Lakini Yahye alikuwa na vidole vya fundi redio. Alizunguka chombo mara mbili, akainamisha kichwa, akaingiza kidole chini ya shanga ya tatu, na kamba ikaanza kutoka. Mzunguko mmoja. Wa pili. Kitambaa kilishuka mabegani pa chombo. Watoto walisogea mbele, saba au nane, wamekaa kwa magoti, midomo tayari. Mdogo kabisa alikuwa mtoto wa dada yake Nasteha, hajafika miaka miwili, ameshikiliwa kwa kiuno asije akatumbukia.

Wakatoa tende. Nikaona samli inang'aa. Dualeh akaingiza kijiko cha mti, akachota, akampa Yahye kijiko, kwa sababu bwana harusi hula kwanza, kisha humlisha mke wake. Nilikuwa nimepanga kujikwaa. Nilisimama kwa ajili hiyo, nikapiga hatua. Nikamwona Nasteha amefungua mdomo kidogo, anangoja zamu yake, macho yake makubwa yako wazi kabisa. Zile kope.

Niliupiga mkono wa Yahye. Kijiko kiliruka, nyama ikatapakaa kwenye mkeka. Kumpiga bwana harusi mkono mbele ya wazee wake, hakuna aliyewahi kuona jambo hilo mji huu.

"Msile," nikasema. Sijui nilisema kwa sauti gani, siku hizi sijui sauti yangu. "Mtu asile. Ina maji. Mimi siskii, masikio yangu yamekufa miaka tatu, niliepua kabla haijanyamaza. Ya kwangu nyumbani imevimba chupa. Mtoeni huyo mtoto hapo."

Hilo la mwisho ndilo lililowaamsha. Mama yake alimvuta mtoto hata kofia ikadondoka. Kisha midomo yote ikaanza kwenda pamoja, na mimi nimesimama katikati bila kusikia hata neno. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku ya msiba wangu. Niliwatazama mmoja mmoja kama mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua. Dualeh alikuwa ameinua mkono kuwanyamazisha. Mama yake Nasteha alikuwa ananipigia kelele, mishipa ya shingo imetoka. Halafu wote wakageuka upande mmoja. Eedo Asho alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti, na anaongea.

Aliongea kwa muda. Niliona watu wanashusha macho. Niliona mama yake Nasteha anafunga mdomo. Nikauliza anasema nini. Hakuna aliyenijibu, au walinijibu. Nikauliza tena.

Nasteha ndiye aliyeinuka. Alikuja kwangu na hina yake na dhahabu yake, machozi yameshaharibu wanja, akaja upande wa kulia bila kuelekezwa. Akaweka mdomo karibu na sikio langu.

"Habaryar," akasema, ndivyo ananiita, mama mdogo, na Eedo humwita ayeyo, bibi, "Ayeyo Asho anasema amejua kitambo. Kila harusi ukimletea nyama, usiku anairudisha kwa jiko, anaskiza mwenyewe mpaka inyamaze. Harusi zote tano."

Nilimtazama Eedo. Mwanamke asiyeweza kukunja magoti, amekaa na makaa usiku kucha mara tano, ili mimi niamke nikijisifia mwiko.

"Na hii?" nikauliza.

Nasteha alifuta wanja shavuni.

"Hii hapana. Alilazwa jioni hiyo. Hakuna mwenye alijua ni ya kurudishwa."

Walikibeba chombo wenyewe upande wa bwana, na kitambaa chake na shanga zake, wakachimba shimo la kimo cha mtu nyuma ya boma. Dualeh alisimamia mpaka udongo wa mwisho. Aliporudi aliwaambia wote kwamba fundo limefunguliwa na vijana wake kwa mikono, bila kisu, kwa hiyo chombo kimefunguliwa, na chakula hakikuwa riziki. Akasema atakayelipeleka jambo hili sokoni kwa jina la msichana huyu atakuja kumweleza yeye. Kwa jina langu hakusema kitu, na sikutarajia aseme. Wengine walinipita bila salamu. Mama yake Nasteha alinipita, akarudi, akaweka mkono kichwani kwangu, akaenda tena, na mpaka leo sijui alikusudia nini. Yahye alikaa pembeni anakisugua kiganja chake, anacheka peke yake kicheko cha mtu aliyekanyaga nyoka akamwona baadaye.

Kwa hiyo sasa mnajua kwa nini sipiki tena. Mji unajua. Kajuju amenipa nusu ya meza yake, tunauza chai, na mimi humwambia maji yamechemka kwa kutazama.

Lakini jioni ile, watu walipokuwa wanaondoka, nilikwenda kwenye kiti cha plastiki nikapiga magoti mbele ya Eedo Asho. Nilitaka kumshukuru kwa zile tano. Hakuningoja nianze. Aliiweka tasbihi mapajani.

Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akalivuta sikio langu la kulia mpaka mdomoni kwake.

"Alhamisi nilikuuliza kwa sababu nilijua haijarudi motoni," akasema. "Ukasema imenyamaza. Nikajua ni uongo. Na leo nimekaa hapa, nimeona kijiko kinaingia, nimeona huyo mtoto, na nimefunga mdomo. Niliogopa watasema tulificha habari ya masikio yako. Ningewaacha waile, Saadia."

Hilo nililisikia lote, sikuhitaji alirudie.